Fremu Moja, Mtaji Mdogo

Haya ni maneno niliyozungumza mbele ya vikundi vya kuweka na kukopa vya kina mama na vijana, hapa Korogwe mjini. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Vicheko nimeviacha hukohuko ukumbini.

Ndugu Mwenyekiti, mama yetu mlezi, wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Kina mama wenzangu, hamjambo? Vijana, mambo? Naomba itifaki iwe imezingatiwa, maana nikianza kumtaja mmoja mmoja, dakika nilizopewa zitaisha kabla sijafika dukani.

Nimeitwa nizungumzie biashara za mtaji mdogo kwa mtu mwenye fremu, au anayetafuta fremu, katika mji kama huu wetu. Aliyenialika alitaka nije na orodha. Nikamwambia, ndugu yangu, orodha watu wanazo. Kila simu iliyomo humu ndani imeshapokea "biashara 50 za mtaji mdogo", na aliyeituma hana hata genge. Mimi sina ya 51. Nitawaeleza lililonikuta, kisha niwaambie ningefungua nini kama leo ningeanza upya na laki tano mkononi.

Mwaka 2011 nilikuwa na 1,400,000. Sehemu ni mgawo wa kikundi, sehemu ni akiba niliyoificha hata baba watoto asijue. Dalali akanipeleka kwenye fremu ya barabarani kabisa, mabasi ya Arusha na ya Dar yanapita mlangoni kutwa. Nikaona, hapa ndipo. Kodi 40,000 kwa mwezi, lipa miezi sita: 240,000. Dalali naye achukue ya mwezi mmoja, 40,000. Aliyekuwa anahama akadai kilemba cha 300,000, eti ameacha jina. Kaunta ya vioo na mashelfu, 350,000. Rangi, bango, leseni na vikorokoro, 120,000. Jumlisheni wenyewe. Imekwenda 1,050,000 na sijanunua hata kiberiti. Ya bidhaa ikabaki 350,000.

Ungeingia dukani kwangu siku ile ungesema huyu mama kajipanga. Sabuni zilikuwa mstari mmoja mbele, zimetazama nje, na nyuma yake maboksi matupu. Majani ya chai vivyo hivyo. Mteja akitaka sabuni moja, sawa. Akitaka tatu za aina moja, nazitoa mstari wa mbele, na boksi tupu linabaki linanichungulia. Kuna mzee mmoja alinunua sabuni zote tatu, akatazama ile nafasi, akanitazama mimi, akasema, "Mungu atajalia, mwanangu." Nilitamani nijifiche chini ya kaunta.

Lakini maboksi matupu hayakuniua. Kilichoniua ni daftari.

Mjini kwetu hela ina tarehe. Mwalimu na muuguzi hela yao inaingia kuanzia tarehe 23 huko. Wa mashamba ya mkonge wana siku yao. Mkulima wa Magoma au wa Mombo hela yake iko shambani mpaka avune. Katikati ya tarehe hizo watoto wanakula, taa inawaka, nguo zinafuliwa. Nani anaziba hilo pengo? Mwenye duka. Dar es Salaam mteja hakujui, anatoa hela, anachukua mzigo, anakwenda zake. Hapa anayekopa ni mwalimu wa mwanao, ni shemeji yake dada yako, ni jirani mnayechota maji bomba moja. Ukimnyima sukari Jumatano, Jumamosi mnakutana msibani mnamenya vitunguu kwenye beseni moja. Utaficha wapi uso?

Mwezi wa nane kaunta buku yangu ilisoma 412,000. Bidhaa nilizoanza nazo zilikuwa za 350,000. Yaani duka zima lilihamia daftarini, na lilipofika huko likazaa.

Nilifunga. Sikulia, nilichoka tu. Na niliporudi kwenye biashara, nilirudi na jambo moja kichwani, nalo ndilo nililokuja kuwapa leo: kwenye fremu ya mji mdogo, kama mtaji hautoshi, tanguliza mikono, mzigo ufuate. Mzigo unakopeka. Sukari ikitoka imetoka. Mikono haikopeki kirahisi, tena ina siri moja. Fundi cherehani aliyepewa suruali aifupishe, suruali anayo yeye. Elfu mbili isipoingia, suruali haitoki, na wala hamjagombana. "Iko tayari, mama, inakusubiri." Fundi simu ameishika simu. Mtu wa kopi amezishika karatasi. Mwenye duka la vyakula ameshika nini? Ameshika kalamu.

Sasa fremu. Watu wanafukuzana na fremu za barabarani. Mimi mara ya pili nilichukua ya mtaa wa ndani, 25,000 kwa mwezi, na kabla ya kulipa nilimwomba mwenye nyumba aniruhusu nikae barazani pake siku tatu: siku ya gulio, siku ya kawaida, na Jumapili. Nilibeba kibuyu cha chai, makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyo tupu, na mfuko wenye mahindi na maharage. Akipita mtu mikono mitupu, punje ya mahindi kopo la kushoto. Akipita mtu amebeba kitu chochote, nguo, bahasha, ndoo, begi la shule, punje ya harage kopo la kulia. Watoto wa pale walidhani nimerukwa na akili. Mmoja akaja kuniuliza kama nauza.

Jioni nilihesabu. Maharage yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani, na mengi yaliingia kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Nikakumbuka walichobeba: bahasha za kaki. Watu walewale walipita kwenda ofisini, wakarudi, wakapita tena. Siku ya pili nikamsimamisha dada mmoja, nikamuuliza, shoga, mbona unazunguka hivyo? Akasema ametakiwa kopi ya kitambulisho, na kopi ziko stendi. Akifika stendi umeme umekatika. Akirudi, anaambiwa na picha ndogo pia inatakiwa.

Ile fremu yangu ya kwanza, ya mabasi, ningekaa na makopo yangu ningeona nini? Watu maelfu, wote wamo ndani ya basi. Abiria wa Arusha hanunui kwako kibiriti cha jikoni. Basi likipita linakuachia vumbi.

Nianze na cherehani, maana ndiyo iliyonitoa. Cherehani ya miguu iliyotumika niliipata kwa 220,000 mwaka 2013. Leo imepanda, ila bado haifiki bei ya kaunta na kilemba chake. Kushona nilifundishwa na mama yangu, sikuwa fundi wa kushindana na wa mjini kwa magauni ya harusi. Sikuyagusa. Nilianza na kazi wanazozidharau: kufupisha suruali, kubadili zipu, kupunguza kiuno cha mtumba, kuziba begi la shule. Elfu moja, elfu mbili, elfu mbili, elfu moja. Kazi ya nusu saa, mteja anasubiri kwenye benchi. Na mteja anayesubiri anaongea, na ukimsikiliza anakupa biashara ya pili bure.

Halafu kuna sare. Shule zinafunguliwa Januari, hilo halijawahi kumshangaza mtu isipokuwa wazazi. Kila mwaka tarehe 2 mwezi wa kwanza mafundi wanafurika, nguo zinashonwa upande. Mimi nilianza kupokea oda Novemba. Masharti yangu yaliandikwa kwa mkaa ukutani: lete kitambaa chako, au lipa nusu. Ile nusu ndiyo inayonunua kitambaa. Angalieni vizuri hapo. Mteja ndiye aliyenipa mtaji, bila riba na bila mdhamini. Ni biashara gani nyingine ambapo anayekuja kununua anakukopesha wewe?

Kuna kijana hapa atasema, mimi sijui kushona. Sawa. Hukuzaliwa unajua kuendesha bodaboda pia.

Steshenari nayo. Niliinunua printa ya kutoa kopi kwa hela ya cherehani, ikakaa mezani pembeni ya mkasi. Mkiniuliza leo fremu iliyo karibu na ofisi, benki au hospitali ifunguliwe nini, nitasema hicho, kabla ya kitu kingine. Kopi yenyewe ni hela ndogo. Hela iko kwenye kumjazia mtu. Serikali imepeleka mambo yake mengi kwenye intaneti, na wananchi wengi wamebaki na simu za tochi. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, maombi ya mkopo wa Bodi kwa wanaokwenda chuo, maombi ya ajira, kontro namba za malipo, matokeo ya mitihani, fomu za kujiunga na shule. Kila kimoja kina msimu wake, na mingi ya misimu hiyo haigongani na ya sare. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, fremu yangu inajaa mpaka barazani.

Lakini kazi hii inataka umakini kuliko mtaji. Siku moja kijana wangu wa kazi alimjazia binti maombi ya mkopo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, yeye akaandika Mwanaamisi. Herufi moja tu. Nililiona jioni napekua nakala, nikamtuma kijana kwa baiskeli mpaka kwao, usiku, wakarudi wote wawili tukarekebisha kabla hajawasilisha. Ingepita ile, yule binti angehangaika mwaka mzima akithibitisha kwamba yeye ni yeye. Tangu siku hiyo hakuna fomu inayotoka kwangu kabla mwenyewe hajalisoma jina lake kwa sauti, herufi kwa herufi, na mimi kidole kiko kwenye cheti. Asiyejua kusoma namsomea. Na nywila ya mtu haikai kwenye daftari langu. Anaiandika mwenyewe, anakwenda nayo.

Haya mengine niyapitie haraka. Kuziba pancha na kubadili oili za pikipiki: weka karibu na kijiwe cha bodaboda, wala usiniulize zaidi. Fundi simu: ukishajua, kikasha cha vifaa kinaingia kwenye mkoba, na kava na protekta zinajiuza pembeni. Kinyozi na saluni ni nzuri, ila hesabu kwanza ziko ngapi mtaani. Mitumba ni nzuri mno ukiiunganisha na cherehani. Nanunua gulioni nguo nzuri ambayo imeachwa kwa sababu ni kubwa, naipunguza, naitundika. Kufungua belo zima kwa mtu wa mtaji mdogo mimi sishauri. Belo ni bahati nasibu iliyofungwa kwa kamba. Chakula cha asubuhi, uji, maandazi, chapati, supu, hakihitaji hata fremu nzima. Kinahitaji kuamka saa kumi. Wanaoweza wanajijua.

Dada kule nyuma ameuliza, na uwakala wa pesa za simu? Swali zuri, maana nusu ya fremu za mji huu zina bango la uwakala. M-Pesa iliingia nchini 2008, na mawakala wa mwanzo walikula vizuri. Sasa tuko wengi. Na uwakala unadanganya kwa sababu hela inapita mikononi mwako kutwa, unajiona tajiri. Weka 500,000: nusu taslimu, nusu floti, yaani hela iliyo kwenye laini ya simu. Asubuhi wote wanataka kutoa, taslimu inaisha saa tatu. Mchana wote wanataka kuweka, floti inaisha. Unafunga fremu unakwenda kusawazisha, mteja anahamia kwa jirani. Kamisheni nayo ni ndogo ndogo, na mtoto akiumwa unachomoa ishirini ya dawa kwenye droo, kesho ya umeme, na mtaji wenyewe ni huohuo. Uwakala uwe wa kusindikiza. Pale kwangu upo, kwenye kona, kwa ajili ya anayekuja kulipia kontro namba. Peke yake usingelipa kodi ya fremu. Na meseji ya muamala ithibitishe kwa kuangalia salio lako, usiamini simu anayokuonyesha mtu aliye na haraka. Matapeli siku zote wana haraka.

Friza pia niliambiwa nisisahau. Vijana mnapenda friza. Nilikuwa nalo, lilikula kama uniti tatu kwa siku. Elfu moja ya LUKU kwa matumizi ya kawaida inakupa uniti 2.8 hivi. Kwa hiyo elfu moja na kidogo kila siku, maji yauzwe yasiuzwe. Ukipata faida ya mia kwa chupa, chupa 11 za mwanzo unaiuzia TANESCO. Likikaa stendi, sawa, utauza chupa mia. Mtaa wa ndani mwezi wa saba, kwenye baridi ile? Nililiuza.

Na hapo kwenye umeme, jamani, kabla hujalipa kodi uliza mita. Fremu nyingi zinachangia LUKU moja. Ukiwa na cherehani unachangia sawa na jirani mwenye friza na pasi, kila wiki maneno. Mkataba uandikwe, hata wa ukurasa mmoja: nani anatengeneza bati likivuja, kodi itapanda lini, ukitaka kuhama unatoa taarifa ya muda gani. Na usiweke vigae kwenye nyumba ya mtu. Mimi nilipaka rangi tu. Mwenzangu aliweka vigae na dari ya jipsam. Mwaka wa pili mwenye nyumba akaingia, akatazama juu, akatazama chini, akapandisha kodi.

Kuna jambo linawashtua wengi wakienda TRA kutafuta TIN, ile namba ya mlipakodi. TIN yenyewe ni bure. Wakiona mkataba wa pango wanakuambia habari ya kodi ya zuio, asilimia 10 ya kodi ya fremu, na ushuru wa stempu asilimia 1. Kwa fremu ya 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka, hiyo zuio ni 72,000. Sikilizeni: ile 10 ni kodi ambayo serikali inamdai mwenye nyumba. Wewe kazi yako ni kuikata kwenye hela yake na kuipeleka. Lakini ukiwa umeshamlipa yote bila kukata, nenda sasa ukamwombe arudishe! Semeni mapema, mbele ya dalali, kabla hela haijatoka mkononi.

Na daftari, ndiyo, nalirudia daftari, ila hili ni la mauzo. Kwa viwango nilivyolipia mimi, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Hiyo ni kama elfu 11 kwa siku, na ni mauzo, siyo faida. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 na ana daftari, 30,000. Asiye na daftari, laki. Kaunta buku bei yake mnaijua. Ile iliyonifilisi mwaka 2011 na hii inayoniokoa zinauzwa duka moja.

Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa kina mama, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Haina riba, na kwa kawaida ni ya vikundi. Nasema hivi: iombeni mkiwa tayari na kazi inayotembea. Mkopo ukikuta cherehani moja inayopokea oda isizoweza kuzimaliza, unanunua ya pili. Ukikuta fremu tupu, unanunua kaunta ya vioo. Nimeshakwisha kuwaambia habari za kaunta ya vioo.

Fremu yangu leo tuko watatu ndani. Mimi na cherehani, kijana na printa, na dada wa uwakala kwenye kona. Kodi tunagawana. Anayekuja kutoa kopi anakumbuka ana zipu imeharibika. Anayesubiri zipu analipa kontro namba. Duka la vyakula sijarudi kulifungua, ingawa mwaka jana nilianza kuuza uzi, vifungo, zipu na madaftari. Huo ndio mzigo wangu, na ulikuja baada ya miaka mingi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami naona. Niseme hili tu. Fremu ya tatu kutoka kwangu imefungwa tangu Ramadhani. Aliyekuwemo alikuwa na duka la vyakula, mnajua lililomkuta. Mwenye nyumba nimeongea naye, atakubali miezi mitatu badala ya sita kwa watu wawili wanaoaminika. Sijui itafaa kwa biashara gani, sijakaa pale. Dada uliyeuliza habari ya uwakala, na wewe kijana wa tisheti nyekundu unayecheka tangu nianze, kesho ni siku ya gulio. Njooni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, benchi langu mtalitumia. Makopo ninayo. Mahindi na maharage mje nayo wenyewe.